Sura ya Nne: Siku Nane za Julai

Kati ya uteuzi wa kwanza na wa pili zilipita siku 8. Tarehe 10 Julai 1993, mjini Bujumbura, Melchior Ndadaye aliapishwa kuwa rais wa Burundi, na uwaziri mkuu akamkabidhi mchumi mmoja mpole wa sauti, Sylvie Kinigi. Tarehe 18, upande wa pili wa mpaka, Agathe Uwilingiyimana, mwalimu wa kemia mwenye miaka 40 na watoto 5, akawa waziri mkuu wa Rwanda. Mpaka mwezi huo Afrika nzima ilikuwa imewahi kupata waziri mkuu mwanamke mmoja tu, Elisabeth Domitien wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, aliyepewa cheo na Rais Bokassa mwaka 1975 na kunyang'anywa mwaka uliofuata. Miaka 17 kimya, kisha wawili ndani ya wiki moja na siku, tena katika nchi ambazo hata ukizijumlisha hazifikii ukubwa wa Mkoa wa Tabora.

Vitabu vinavyoorodhesha "wanawake wa kwanza" huwa na haraka. Vinakupa jina, tarehe na picha, kisha vinakimbilia jina linalofuata. Mimi nikikutana na maneno hayo huuliza kwanza kiti chenyewe kilikuwa na miguu mingapi siku mama huyo alipokaribishwa akikalie. Ruth Perry alikabidhiwa Liberia mwaka 1996, vita ikikaribia kutimiza miaka saba. Catherine Samba-Panza aliitwa kuongoza nchi ya Domitien Januari 2014, Bangui ikiwa inachinjana mtaa kwa mtaa. Kinigi na Agathe nao hawakupewa kiti kizima. Walioteua walitaka mtu wa kushikilia, na hao wawili, kila mmoja kwa namna yake, wakakishikilia kwa uzito ambao walioteua hawakuutarajia.

Tuanze Bujumbura.

Tangu mwaka 1966 Burundi ilikuwa imetawaliwa na wanajeshi watatu mfululizo, Micombero, Bagaza na Buyoya, wote Watutsi na wote wenyeji wa Rutovu, huko Bururi. Uchaguzi wa tarehe 1 Juni 1993 ulivunja mtindo huo. Ndadaye wa chama cha FRODEBU alipata takriban asilimia 65 ya kura, akawa Mhutu wa kwanza kushika urais na rais wa kwanza kuchaguliwa na wananchi. Lakini bunduki hazikupigiwa kura. Jeshi lilibaki mikononi mwa walewale, na Ndadaye alijua. Akatafuta waziri mkuu ambaye jeshi lisingemwona tishio: Mtutsi, mwanachama wa UPRONA, chama alichokibwaga, na mtu wa mahesabu kuliko majukwaa. Kinigi alikuwa hayo yote, na zaidi ya hayo alikuwa ameolewa na Mhutu.

Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa katika ofisi ya waziri mkuu, akisimamia mpango wa marekebisho ya uchumi, ule uliodaiwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Msomaji wa Tanzania, Kenya au Uganda mwenye umri wa kukumbuka miaka ile hahitaji kuelezwa: kubana matumizi, kupunguza wafanyakazi, kushusha thamani ya sarafu. Si kazi inayompa mtu wapenzi wengi mtaani. Humfundisha lakini kitu kimoja ambacho wanasiasa wengi hawana, nacho ni kujua serikali inaendeshwa na nini siku ambayo hakuna hotuba.

Ujuzi huo ulihitajika mapema. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba vifaru vilizunguka ikulu. Ndadaye alipelekwa kambini na kuuawa, miezi mitatu na siku chache tangu aapishwe. Spika wa Bunge, Pontien Karibwami, akauawa. Naibu wake, Gilles Bimazubute, akauawa. Soma majina hayo mawili ukiwa na katiba mkononi, utaelewa kwamba waliopanga usiku ule walikuwa wameisoma vizuri. Rais akifa, anashika spika. Spika asipokuwepo, yupo naibu wake. Waliing'oa ngazi yote, kipago kwa kipago, kisha wakamsukuma mbele mwanasiasa mmoja wa kiraia, François Ngeze, awe sura ya kamati yao.

Kinigi alinusurika. Alikimbilia ubalozi wa Ufaransa, na mawaziri kadhaa wakajikuta humo pamoja naye, kila mmoja na habari yake ya nani amepona na nani hajulikani alipo. Waziri wa mambo ya nje, Sylvestre Ntibantunganya, alikuwa amepona yeye, mkewe aliuawa. Huko nje wafadhili walisitisha misaada, hakuna serikali iliyowatambua wapinduzi, na ndani ya siku chache jeshi likaanza kurudi nyuma, huku likidai kwamba lilikuwa tiifu wakati wote. Lakini kurudi nyuma kunahitaji pa kurudia. Lilihitaji serikali ya kiraia ya kuirudishia nchi, na serikali hiyo ilikuwa imejibanza ubalozini, na mkuu wake aliyebaki hai alikuwa Kinigi.

Kuanzia mwishoni mwa Oktoba 1993 hadi tarehe 5 Februari 1994 mamlaka ya juu kabisa ya Burundi yalikuwa kwake. Orodha nyingine humhesabu kama rais wa mpito, nyingine humruka kwa sababu hakuapishwa. Sina hamu na ubishi huo. Kinachonivutia ni hali ya kazi yenyewe: waziri mkuu anayelindwa na askari wa nchi ya kigeni kwa sababu askari wa nchi yake ndio waliomuua bosi wake. Vijijini Wahutu waliokasirishwa na kifo cha Ndadaye waliwageukia majirani zao Watutsi, na jeshi likapita nyuma yao likiua Wahutu. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Mamia ya maelfu walivuka mipaka, wengine wakaja Kigoma na Ngara, wengine wakaingia kusini mwa Rwanda, na hapo tutawakuta tena.

Serikali yake iliomba kikosi cha kimataifa kije kuwalinda viongozi. Jeshi likapinga, kwake kuletwa kwa askari wageni kulikuwa sawa na kuambiwa wazi kwamba haliaminiki, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Ahmedou Ould-Abdallah, alifika Novemba kusuluhisha. Vikao juu ya vikao. Mwishowe Bunge lilibadili katiba ili lenyewe liweze kumchagua rais, na mwezi Januari likamchagua Cyprien Ntaryamira, aliyekuwa waziri wa kilimo katika baraza la Kinigi. Mahakama ya Katiba ikaingia katikati, wiki nyingine zikapotea, hadi Ntaryamira akaapishwa tarehe 5 Februari. Siku mbili baadaye Kinigi akakabidhi uwaziri mkuu kwa Anatole Kanyenkiko na kuondoka. Hakukuwa na risasi katika makabidhiano hayo, jambo ambalo kwa Burundi ya wakati ule halikuwa dogo.

Mweke Ntaryamira akilini. Alibakiwa na miezi miwili.

Rwanda ya siku zile ilikuwa na akina Agathe wawili, na wageni walikuwa wakiwachanganya. Mmoja alikuwa mke wa Rais Juvénal Habyarimana, Agathe Kanziga, ambaye ndugu zake na watu wao wa karibu waliunda kundi ambalo Wanyarwanda walilipa jina la akazu. Mswahili anaweza kulisikia neno hilo na karibu akalielewa: kijumba, nyumba ndogo iliyo ndani ya ile kubwa. Agathe wa pili alitoka upande wa kusini kabisa, Nyaruhengeri, karibu na Butare, kwa wazazi Wahutu waliokuwa wamekwenda Kongo kutafuta kazi na kurudi naye akiwa na miaka minne.

Alisomea ualimu, akafundisha hisabati, kisha kemia, kwanza sekondari na baadaye Chuo Kikuu cha Taifa pale Butare. Kulikuwa na watu waliomnung'unikia kwa kuwahimiza wasichana kuchukua masomo ya sayansi, manung'uniko ambayo mwalimu yeyote wa kike wa kizazi chake anayafahamu. Mwaka 1986 aliwakusanya wafanyakazi wenzake shuleni kuanzisha ushirika wa kuweka na kukopa. Nalitaja hilo makusudi. Katika maisha ya viongozi wengi wanawake wa Afrika, kabla ya chama cha siasa kuna chama cha namna hiyo, chenye daftari, mweka hazina na watu wanaogombania zamu. Huko ndiko alikojulikana. Mwaka 1989 akahamishiwa Kigali, wizara ya biashara, na mwaka 1992 akajiunga na MDR, chama cha upinzani.

Mwezi Aprili mwaka huohuo Habyarimana, akibanwa na vita ya waasi wa RPF kaskazini na wafadhili kutoka nje, alikubali serikali ya mseto. Agathe akapewa wizara ya elimu. Na hapo alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko uwaziri mkuu wenyewe.

Kwa miaka mingi nafasi za sekondari nchini Rwanda ziligawanywa kwa utaratibu ulioitwa iringaniza. Hili nalo halihitaji mkalimani, ni kulinganisha. Kila kabila lilipewa mgawo wake na kila mkoa mgawo wake, Watutsi wakiwekewa asilimia 9 hivi, na katika upande wa mikoa ile ya kaskazini, Gisenyi na Ruhengeri, alikotoka rais, ikipata zaidi. Mtoto wa darasa la mwisho angeweza kufaulu kuliko wote kijijini na asilione jina lake kwenye orodha, wakati aliyemwachia maswali kumi anafunga sanduku kwenda bweni. Wazazi walijua. Walimu, waliokuwa wakisahihisha daftari zenyewe, walijua kuliko wazazi. Agathe alikuwa mwalimu. Alipoingia ofisini aliufuta utaratibu huo, akaamuru nafasi zitolewe kwa alama za mtihani, aliyefaulu zaidi atangulie.

Fikiria orodha inayobandikwa ukutani mwaka ule, na ni nani alisimama mbele yake akiwa haamini. Fikiria pia ni nani aliyezoea kuona jina la mwanawe hapo bila wasiwasi na sasa halioni. Watu wenye silaha walimvamia Agathe nyumbani kwake usiku na kumpiga. Alipopona alirudi wizarani, na orodha hazikubadilishwa.

Uwaziri mkuu ulimjia mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye kwa njia ya kawaida ya siasa, yaani kwa mvutano wa watu wengine. Mkataba wa amani na RPF ulikuwa karibu kutiwa saini Arusha, na rais na vyama vitano vya serikali ya mseto walihitaji mtu wa kukaa hapo kwa muda mfupi hadi serikali mpya ya mpito iundwe. Wiki chache, ndivyo ilivyofikiriwa. Siku chache baada ya kuteuliwa, mkutano wa chama chake mwenyewe ulimfukuza uanachama pamoja na mwenyekiti, Faustin Twagiramungu, ukatangaza kwamba mtu wa chama katika uwaziri mkuu ni Jean Kambanda. Tarehe 4 Agosti mkataba ulisainiwa Arusha. Rais naye, siku 18 tangu amteue, akamwondoa rasmi. Lakini serikali ya mpito ya kumrithi haikuundwa. Iliahirishwa na kuahirishwa tena, kila mara kwa sababu mpya. Kwa hiyo Agathe aliendelea kukaa katika ofisi aliyokwisha kufukuzwa na chama na kuondolewa na rais, akisaini barua na kuitisha vikao vya baraza, kwa zaidi ya miezi minane.

Mwezi ule wa Julai redio mpya ilikuwa imeanza kurusha matangazo Kigali, RTLM, yenye muziki mzuri wa Kikongo na watangazaji wacheshi. Ucheshi huo ulikuwa na mwelekeo. Magazeti ya watu wa msimamo mkali nayo yalimchora waziri mkuu kwenye vibonzo vya matusi ambavyo yasingemchorea mwanaume, yakimfanya malaya wa kisiasa na hatari kwa taifa. Wakati huohuo wakimbizi Wahutu kutoka Burundi, wale tuliowaacha wakivuka mpaka, walikuwa makambini karibu na Butare, kwao Agathe, na simulizi zao za Oktoba zilipata wasikilizaji waliojua la kuzifanyia.

Nisimame kidogo kwenye meza ya baraza la mawaziri, kwa sababu hapo kuna kitu kinachonisumbua. Agathe hakuwa mwanamke pekee mezani. Waziri wa familia na maendeleo ya wanawake alikuwa Pauline Nyiramasuhuko, naye mwenyeji wa Butare, naye aliyepanda kwa juhudi zake. Wote wawili waliingia barazani Aprili 1992. Mwandishi aliyekuwapo mwaka 1993 na kutaka kuandika kitabu kama hiki angeweza kuwaweka kwenye sura moja, mabinti wawili wa kusini, fahari ya wanawake wa Rwanda. Tarehe 24 Juni 2011 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimtia Pauline hatiani kwa mauaji ya kimbari na kwa ubakaji kama uhalifu dhidi ya binadamu, matendo ya Butare, mji aliofundisha Agathe. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Naye ni "wa kwanza". Ndiyo maana kila nikisikia mtu anasema wanawake wapewe uongozi kwa kuwa wao ni wapole kwa asili, huwa natamani nimwonyeshe picha ya baraza lile.

Jumatano tarehe 6 Aprili 1994 viongozi wa ukanda huu walikutana Dar es Salaam, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa mwenyeji, kumbana Habyarimana atekeleze mkataba. Jioni Ntaryamira wa Burundi, aliyekuwa amepokea nchi kutoka kwenye baraza la Kinigi, aliomba lifti katika ndege ya mwenzake. Saa mbili na dakika ishirini hivi usiku ndege ilitunguliwa ikijiandaa kutua Kigali. Hakupona mtu. Humo alikuwamo pia mkuu wa majeshi. Waziri wa ulinzi alikuwa safarini nje ya nchi.

Sasa ona jinsi historia ilivyoizungukia Kigali kwa mwendo uleule wa Bujumbura. Rais amekufa, Bunge la mpito halijaundwa, na mamlaka halali ya kiraia iliyobaki ni waziri mkuu mwanamke ambaye hakuna upande uliokuwa umepanga abaki. Usiku ule katika makao makuu ya jeshi Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, aliwaambia maofisa kwamba mtu wa kushauriana naye ni Bi Agathe. Kanali Théoneste Bagosora, aliyekuwa amekalia kiti cha mbele, alikataa katakata kumtambua.

Agathe alitaka kwenda redioni asubuhi. Rais amekufa, watu wamejifungia ndani, barabara zimejaa vizuizi. Alitaka sauti ya serikali isikike kabla ya sauti nyingine. Dallaire alituma askari 10 wa Ubelgiji, chini ya Luteni Thierry Lotin, wamsindikize. Walifika nyumbani kwake alfajiri, wakakuta kikosi cha ulinzi wa rais kimekwisha kuizingira nyumba. Risasi zilikuwa zinapita. Safari ya redioni ikafa hapohapo langoni.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ukuta, na upande wa pili wa ukuta aliishi naibu wa balozi wa Marekani. Familia ilijaribu kuupanda kwa ngazi. Ukuta ulikuwa mrefu, na milio ya bunduki ikawarudisha chini. Wakajaribu upande mwingine, wakafanikiwa kuingia katika nyumba za wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa. Huku nyuma Wabelgiji walinyang'anywa silaha, wakapelekwa Kambi Kigali, wakauawa wote kumi. Kabla ya adhuhuri askari waliingia katika nyumba zile za jirani wakitafuta chumba kwa chumba. Agathe na mumewe, Ignace Barahira, waliuawa. Watoto walikuwa wamefichwa na hawakuonekana.

Aliyewachukua watoto alikuwa ofisa wa Senegal, Kapteni Mbaye Diagne, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa asiyekuwa na silaha. Aliwapitisha kwenye vizuizi hadi Hoteli ya Mille Collines, na kutoka hapo wakatolewa nchini, walikulia Uswisi. Diagne aliuawa na kombora tarehe 31 Mei akiwa garini, kwenye kizuizi cha barabarani, baada ya kuwapitisha wengine wengi kwa njia hiyohiyo.

Siku mbili baada ya kifo cha Agathe, Jean Kambanda, yule aliyetangazwa na mkutano wa chama mwezi Julai, alipewa uwaziri mkuu aliokuwa akiusubiri. Miaka minne baadaye, Mei 1998, alisimama mbele ya majaji Arusha akakiri mashtaka yote ya mauaji ya kimbari, na baadaye akafungwa maisha. Bagosora alitiwa hatiani katika mji huohuo Desemba 2008, kifo cha waziri mkuu kikiwa miongoni mwa mambo yaliyomfikisha hapo. Rufaa ikapunguza kifungo cha maisha hadi miaka 35, na alifia Mali mwaka 2021 akiwa bado mfungwa.

Agathe amezikwa Remera, Kigali, katika makaburi ya mashujaa, na kila tarehe 1 Februari huwekewa mashada. Kinigi alikuwa na miaka mingi ya kuishi baada ya Februari 1994. Alirudi kwenye fani yake, akafanya kazi benki Bujumbura, kisha akachukua kazi za Umoja wa Mataifa katika nchi nyingine, safari hizi akiwa yeye ndiye mgeni anayetumwa kwa watu waliogombana. Barabarani angeweza kupita bila kutambuliwa, mama wa makamo mwenye mkoba wa karatasi, aliyewahi kuwa na nchi nzima mkononi kwa siku mia moja na moja.